Mnara wa askari wetu usiwasahau waliobaki nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyependekeza kwamba askari wetu waliofia ulinzi wa amani nje ya nchi wajengewe mnara mkubwa. Alitaka awe askari wa shaba, bunduki juu, kimo mara tatu ya mtu, akae penye barabara kuu ili kila anayepita na gari amwone. Mnara nauunga mkono kwa moyo wote. Vijana 14 waliouawa Semuliki, huko Kongo, Desemba 2017, wanastahili mahali pao pa kudumu, na si wao peke yao. Ninayempinga ni huyo askari wa shaba mwenye bunduki juu. Kabla wachongaji wetu hawajagusa udongo, nawaomba sana wamtazame mama mmoja wa Kijerumani aitwaye Käthe Kollwitz. Alihangaika miaka 18 na kumbukumbu ya mwanawe aliyekufa vitani, na alipoimaliza, mwana mwenyewe hakuwemo. Walikuwemo wazazi tu.

Nimefundisha somo la sanaa sekondari na baadaye chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu. Kollwitz nilimfundisha kwa kutumia picha za vitabuni, ndogo, nyeusi na nyeupe, wanafunzi wakizitazama kwa zamu. Mwaka juzi binti yangu anayeishi Brugge, Ubelgiji, alinialika kwake. Nilimwambia maduka na makanisa yatasubiri, kwanza anipeleke Vladslo, ziliko sanamu hizo za wazazi.

Vladslo ni kijiji kidogo karibu na mji wa Diksmuide. Pale pana makaburi ya askari wa Kijerumani wa Vita Kuu ya kwanza, zaidi ya 25,000. Hakuna safu za mawe meupe yaliyosimama kama tunayoyaona kwenye makaburi ya Waingereza. Ni majani, miti mikubwa ya mwaloni, na mawe bapa ya kijivu yaliyolazwa chini, kila jiwe limeandikwa majina 20. Unatembea ukiinamisha kichwa maana hakuna cha kutazama kilichoinuka. Ukifika mwisho wa uwanja ndipo unapowaona, baba na mama, wamepiga magoti.

Niwaeleze walivyo, kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Baba amepiga magoti mgongo wima. Mikono ameikunja kifuani, amejikumbatia kwa nguvu. Midomo imefungwa, macho yako mbele. Hajalia na wala hatalia mbele ya watu. Mama yuko kando yake lakini hawagusani. Kila mmoja ana kitako chake cha jiwe, na kati yao pana uwazi. Yeye ameinama mbele mpaka mgongo umekuwa duara, nguo imemfunika mabegani, mikono ameikusanya kifuani chini ya uso. Huwezi kumwona uso vizuri usipomsogelea na kuinama nawe. Nguo zao hazina kifungo, hazina mkanda, hazina chochote cha kukuambia ni watu wa tabaka gani. Jiwe ni itale ya Ubelgiji, gumu, na mvua za Flanders, eneo hilo la Ubelgiji, zimelichakaza, kuvu la kijani limeshika kwenye mikunjo ya nguo ya mama.

Nilisimama karibu na baba nikayafuata macho yake. Mbele yao, chini, pana jiwe moja kati ya yale mawe bapa, na kati ya majina yake 20 pana jina la Peter Kollwitz, yule mwana aliyekufa. Halikuandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine. Asiyeambiwa atalipita.

Huyu Käthe alizaliwa mwaka 1867 Königsberg, mji ambao leo uko Urusi na unaitwa Kaliningrad. Baba yake alisomea sheria lakini akaishia kuwa fundi mwashi, na ndiye aliyeona mapema kwamba binti ana mkono akamlipia masomo ya kuchora, wakati ambapo vyuo vikuu vya sanaa vya Ujerumani vilikuwa havipokei wanawake. Mwaka 1891 aliolewa na Karl Kollwitz, daktari wa wafanyakazi maskini katika mtaa wa kaskazini mwa Berlin. Wagonjwa waliingia pale pale walipokuwa wakiishi. Wake wa washonaji, wa vibarua, wanawake wenye mimba ya sita na mume asiye na kazi, walimalizana na daktari kisha wakakaa kuzungumza na mke wake. Miili yao ndiyo iliyokuwa darasa lake: bega la mtu aliyebeba mzigo miaka 20, mkono wa mama unavyomshika mtoto mwenye homa. Alitazama hivyo kwa miaka mingi.

Kwanza alijulikana kwa michoro ya chapa, yaani picha zinazotengenezwa kwenye bamba au jiwe kisha zikapigwa kwenye karatasi. Mfululizo wake juu ya wafumaji nguo walioasi kwa sababu ya njaa ulioneshwa Berlin mwaka 1898, na waamuzi wakapendekeza apewe nishani ya dhahabu. Kaisari Wilhelm wa Pili alikataa. Mwaka 1904 alikwenda Paris akajiunga na darasa la uchongaji na akamtembelea mchongaji maarufu wa Kifaransa, Auguste Rodin, katika karakana yake. Alikuwa na miaka kama 37, umri ambao wengi wetu tunasema ufundi mpya umetupita. Nawaambia vijana wanaoniuliza kama wamechelewa: sanamu za Vladslo zilichongwa na mtu aliyeanza uchongaji akiwa mama wa watoto wawili wa shule.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Peter, mwanawe mdogo, alikuwa na miaka 18. Hakuwa ameitwa. Alitaka kujitolea, na kwa kuwa alikuwa hajafika umri wa mtu mzima kisheria, alihitaji ruhusa ya baba. Karl alikataa. Alimwambia nchi haimhitaji bado, ingemhitaji ingemwita. Kijana akamgeukia mama. Käthe alisimama, akamtetea, akamwomba Karl amruhusu, na Karl akaridhia. Hayo ameyaandika mwenyewe katika shajara yake, hakusingiziwa na mtu. Oktoba Peter alipelekwa Flanders, na usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 akauawa karibu na Diksmuide. Habari ziliwafikia wazazi mwisho wa mwezi.

Naomba msomaji mwenzangu alitafakari neno hili kabla hajaendelea. Mama yule hakunyang'anywa mwana na serikali. Alimwombea ruhusa kwa mdomo wake, na akaishi na jambo hilo miaka 30 na zaidi.

Desemba mwaka ule ule alianza kuwaza mnara. Wazo lake la kwanza halikuwa mbali na analolitaka msomaji wetu. Alimfikiria Peter amelala amenyooka, baba yuko kichwani, mama miguuni, mahali pa juu panapoonekana, kwa heshima ya vijana wote waliojitolea. Lilikuwa wazo la mama anayetaka kuamini kwamba kifo kile kilikuwa na maana. Alifinyanga, akabomoa, akafinyanga tena. Na kadiri miaka ilivyokwenda, imani ikawa inamtoka. Oktoba 1916 aliandika akijiuliza kama anamsaliti Peter kwa kuona sasa kwamba vita ile ilikuwa wazimu mtupu. Mikono yake ilikuwa inatengeneza mnara wa shujaa, na kichwa chake hakikuwa kinaamini tena ushujaa ule. Mchongaji mwingine angemaliza kazi, akaweka majani ya ushindi kichwani, akalipwa. Yeye mwaka 1919 aliachana nayo, akaapa kwamba atairudia.

Katikati ya miaka hiyo alifanya jambo ambalo wewe, Ndugu Mhariri, utalipenda kuliko mimi. Oktoba 1918, Ujerumani ikiwa imekwisha shindwa, mshairi maarufu Richard Dehmel aliandika gazetini akiwataka wanaume wote wenye nguvu wajitolee kwa vita ya mwisho. Kollwitz alimjibu katika gazeti la Vorwärts. Aliandika barua, kama hii yangu. Alisema waliokufa wametosha, asianguke mwingine hata mmoja, na akamnukuu Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, kwamba mbegu ya kupanda haisagwi. Aliyekuwa anamjibu ni mtu mzito, naye mwenyewe alikuwa amejitolea kwenda vitani akiwa na miaka zaidi ya 50. Lakini Dehmel alirudi hai, na mama huyu alikuwa na haki ya kusema.

Baada ya vita alichonga picha saba za chapa kwenye mbao juu ya vita. Hakuna bunduki inayofyatuliwa humo. Yupo mama anayemwinua mtoto mchanga kama sadaka, wapo vijana wanaojitolea wakimfuata Kifo anayepiga ngoma, wapo wazazi walioshikana mpaka wamekuwa bonge moja jeusi. Hapo ndipo naona alianza kuelewa mnara wake unataka kuwa nini.

Katikati ya miaka ya 1920 alirudi kwenye udongo. Mwana hakuwemo tena. Walibaki wazazi wawili waliopiga magoti. Mwaka 1926 yeye na Karl walikwenda kwa mara ya kwanza kuliona kaburi, wakati huo likiwa mahali paitwapo Roggevelde. Walichuma mawaridi matatu madogo ya mwituni wakayaweka chini kando ya msalaba wa Peter. Aliporudi Berlin alijua kipimo cha mahali, alijua mwanga wake, alijua watu watakaofika pale watakuwa wamechoka kwa safari na wamefiwa.

Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza, kwa nini miaka sita tena kwa watu wawili tu? Jibu liko katika mwili wa binadamu. Mtu aliyepiga magoti ni mgumu kuliko mtu aliyesimama. Aliyesimama ana miguu, ana hatua, ana mkono wa kuinua. Ukikosea hapa, ishara ile kubwa itakufichia kosa. Aliyepiga magoti hana pa kujificha. Uzito wote umeshuka kwenye mapaja na magoti, na mgongo ndio unaosema. Mgongo wa mama ukiinama kidogo zaidi anakuwa mtu anayeomba msamaha, ukiinuka kidogo anakuwa mtu anayesali kanisani. Kollwitz alitaka mtu anayebeba. Na baba naye: ukimwinamisha anakuwa nakala ya mama, ukimwinua mno anakuwa askari. Alimfanya na kumbomoa. Mwanzoni alikuwa hataki kuweka sura za watu halisi, mwishowe akampa baba uso wa Karl na mama uso wake mwenyewe. Nadhani alikuwa na sababu nzuri. Mtu aliyemwombea mwanawe ruhusa ya kwenda hawezi kumpigisha magoti mwanamke mwingine kwa niaba yake.

Sanamu za plasta, za kielelezo, zilikamilika mwaka 1931 zikaoneshwa Berlin. Kisha mafundi wawili wa mawe, August Rhades na Fritz Diederich, wakazihamishia kwenye itale. Nawataja kwa majina kwa sababu sisi huwa hatuwataji mafundi wetu. Julai 1932 sanamu ziliwekwa makaburini, na wazazi wenyewe walikuwepo. Käthe ameandika kwamba alisimama mbele ya yule mama, akauona uso wake mwenyewe, akalia na kumpapasa mashavu. Karl alikuwa nyuma yake. Alimsikia akinong'ona ndiyo, ndiyo.

Mwaka 1956 makaburi yale yalihamishiwa Vladslo, na wazazi wakahamishwa pamoja na Peter.

Kuna atakayesema, na ana haki ya kusema, kwamba vijana wale walikuwa wavamizi. Ubelgiji haikuwa imewakosea kitu. Na sisi hapa tunawajua Wajerumani wa vita ile. Kamanda wao, Von Lettow-Vorbeck, alizungusha jeshi lake katika nchi hii zaidi ya miaka mitatu, nafaka zikachukuliwa, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo, na njaa ikafuata nyuma ya majeshi ya pande zote mbili. Lakini sanamu za Vladslo hazisemi vijana wale walikuwa na haki. Hazisemi lolote juu ya vita. Ndiyo maana Mbelgiji anaweza kusimama mbele yake bila kutukanwa, na Mtanzania pia. Mkwe wangu ni mtu wa huko huko Flanders, na siku ile alivua kofia bila kuambiwa.

Sasa turudi kwetu. Anayetoka Posta kwenda Samora anaipita Sanamu ya Askari. Msomaji wetu ameitaja kama mfano wa kuiga. Ilisimamishwa mwaka 1927, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, na kwa ufundi tu ni kazi nzuri: mwendo wa mwili umekaa sawa, singe imeelekea bandarini, mikono imeshika bunduki kama ya mtu anayejua bunduki. Sina ugomvi na shaba ile, na asije mtu akasema mwalimu anataka ing'olewe. Nataka tusome kilichoandikwa chini yake. Kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, inawakumbuka askari Waafrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha inamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Jina lipi? Pale hakuna jina hata moja. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa kuhara, malaria na uchovu njiani, na wengi hakuna aliyewaandika. Na wana gani hao? Mvulana aliyechukuliwa kabla hajaoa hakuacha mwana wa kumkumbuka. Peter Kollwitz hakuacha mwana. Vijana wetu wengi wanaokwenda kulinda amani wana umri wa kuchumbia. Anayebaki na jina la kijana wa miaka 20 ni mama yake, baba yake, dada zake, na mnara unaowaruka hao unamkumbuka mtu asiye na kwao.

Haya siyasemi kwa kusoma vitabuni tu. Kaka yangu alikufa katika vita ya Kagera, naye amezikwa Kaboya pamoja na wenzake. Serikali iliwazika kwa heshima, makaburi yanatunzwa, nashukuru kwa hilo. Ninayemkumbuka mimi ni mama. Watu walipokuja walimwita mama wa shujaa, naye aliitikia kwa adabu, akaamuru watu wapewe chai. Wakiondoka alikaa kizingitini, kanga ameivuta mabegani, mikono ameikusanya kifuani, jioni nzima. Baba alikuwa uani akichanja kuni ambazo hatukuzihitaji. Hawakukaa pamoja. Kila mmoja alifiwa peke yake ndani ya nyumba moja, na sisi watoto tulikuwa tunapita katikati yao.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nasahihisha madaftari nyumbani kwake, kitabu kimefunguka kwenye picha ya yule mama wa jiwe. Mama alikivuta akakitazama muda mrefu, akaniuliza, "Huyu amefiwa na nani?" Nikamwambia, na mwanawe. Hakuuliza kama ni Mzungu, hakuuliza wa nchi gani. Mama yangu hakusoma. Hakuna mnara niliowahi kumwonesha, na nimemwonesha ya Dar es Salaam yote, aliousoma haraka kiasi kile.

Jambo la ukubwa nalo lizungumzwe, maana msomaji wetu amelisisitiza. Mwaka 1937 Kollwitz alianza sanamu nyingine, mama aliyekaa chini akiwa na mwanawe aliyekufa katikati ya magoti yake. Ni ndogo, kimo chake sentimita 38, unaweza kuibeba kwa mikono miwili. Mwaka 1993 serikali ya Ujerumani iliitaka kwa ajili ya jengo la Neue Wache mjini Berlin, mahali pa kumbukumbu ya taifa, na ikamwagiza mchongaji Harald Haacke aikuze karibu mara nne. Kulikuwa na mabishano makali. Wengine walilalamika kwamba mama mmoja na mwanawe askari hawawezi kuwabeba pamoja waliouawa na waliowaua. Wengine walisema kitu kilichofanywa kwa mkono wa mzee mmoja kwa ajili ya huzuni yake kimegeuzwa kuwa cha serikali. Nimeiona pia, siku nyingine katika safari ile ile. Bado ina nguvu, ukumbi ni mtupu na paa lina tundu linaloingiza mvua. Ila ukikaribia unaona nyuso zimelegea. Alama za vidole zilizokuwa hai kwenye sentimita 38 zimekuwa mawimbi yasiyo na maana. Kitu hakipati uzito kwa kukuzwa. Na hili nawaambia hasa wale wanaopanga bajeti, ambao hudhani kila mita inayoongezwa ni heshima inayoongezwa.

Maisha yake ya mwisho nitayapitia kwa ufupi. Mwaka 1919 alichaguliwa katika Akademia ya Sanaa ya Prussia. Mwaka 1933 Wanazi walimlazimisha ajiuzulu kwa kuwa alitia saini wito wa kuwataka wapinzani wao waungane. Kazi zake zikaondolewa kwenye maonyesho. Mwaka 1936 polisi wa siri walikuja kumhoji na kumtishia kambi. Karl alifariki mwaka 1940. Mjukuu wake, aliyepewa jina la Peter kwa ajili ya yule wa kwanza, aliuawa Urusi mwaka 1942. Mapema mwaka huo huo bibi huyu wa miaka 74 alichora chapa yake ya mwisho: mama amewafunika wavulana chini ya mikono yake, nao wanachungulia nje, wana hamu ya kwenda. Akaipa yale maneno aliyoyaandika gazetini mwaka 1918, mbegu ya kupanda isisagwe. Nyumba yao ya Berlin ililipuliwa kwa mabomu mwaka 1943, na vitu vingi vikateketea. Alifariki Moritzburg tarehe 22 Aprili 1945, wiki mbili na siku kidogo kabla vita haijaisha Ulaya.

Ndugu yangu uliyeandika, sikatai askari wako. Mtu aliyesimama kwenye lindo usiku ili mtu asiyemjua alale anastahili sifa, na mzazi wake anajivunia. Mama yangu alijivunia pia. Ila mwombe mchongaji aanze mahali pengine. Aende kwanza kwenye nyumba za waliofiwa, Tabora, Mtwara, Zanzibar, popote walikotoka, akae nao, atazame wanavyokaa. Asipige picha siku ya kwanza. Wachongaji wa Kimakonde wa Mwenge wanajua kuliko sisi sote jinsi miili mingi inavyoweza kutoka kwenye gogo moja la mpingo, kila mmoja akimbeba mwenzake. Waitwe na wao, wasiachwe kwa kuwa hawana shahada.

Majina yaandikwe yote, na kando ya kila jina kiandikwe kijiji. Herufi ziwe za ukubwa mmoja, kuanzia kwa askari wa cheo cha chini. Sanamu zikae chini, kitako kisizidi goti, ili mzee wa miaka 80 aweze kugusa jiwe bila kusaidiwa. Pawe na kivuli, na mahali pa kukaa, kwa sababu watu watakaokuja pale watakaa muda mrefu.

Na muda utolewe. Tumezoea kumpa mchongaji miezi miwili ili mgeni rasmi akate utepe siku ya Mashujaa. Sidai miaka 18. Lakini kwa kazi ya namna hii miaka mitatu si mingi, na udongo ukikamilika, kabla haujapelekwa kwenye shaba au jiwe, wazazi waitwe wautazame. Wakisema si wao, ubomolewe uanzwe upya, kama Kollwitz alivyofanya na wa kwake.

Nimeanza kuandika pendekezo la kupeleka wizarani, lina kurasa nne mpaka sasa na michoro miwili ya penseli. Ningependa lisainiwe na watu wawili wasiokubaliana kwa kila kitu. Anwani yangu unayo, Ndugu Mhariri; naomba umpatie msomaji yule aliyeandika kabla yangu.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Dar es Salaam